Mabadiliko Yatoe Hesabu: Riwaya ya Kiswahili na Jamii Yake

   

 Katika mkutano huu wamo waliosoma riwaya nyingi kuliko mimi, na wamo waliozitunga. Kwao naomba radhi mapema: yale mtakayoyaona mepesi, yachukueni kama chachu ya maswali, maana maswali ndiyo ninayoyangojea zaidi.

Niliombwa nizungumze juu ya riwaya na mabadiliko ya jamii. Mtu angeweza kuianza mada hii Marekani mwaka 1852, Harriet Beecher Stowe alipochapisha Uncle Tom's Cabin. Kitabu kile kiliuzwa nakala zipatazo 300,000 nchini humo ndani ya mwaka mmoja, kikawafikishia utumwa nyumbani watu wa kaskazini ambao walikuwa wakiusikia kwa mbali tu. Angeweza pia kuianza Chicago, mwaka 1906, Upton Sinclair alipoandika The Jungle kuwatetea wafanyakazi wa machinjio na viwanda vya nyama. Wasomaji walishtushwa zaidi na uchafu wa nyama waliyokuwa wakiila, na mwaka ule ule zikapitishwa sheria mbili, moja ya ukaguzi wa nyama na nyingine ya usafi wa vyakula na dawa. Shida za wafanyakazi, zilizomfanya Sinclair ashike kalamu, sheria hizo hazikuzigusa. Mwandishi hutoa neno lake, lakini msomaji ndiye anayeamua litafanya kazi gani.

Jioni hii sitakaa Marekani. Tunayo historia yetu, na haijazungumzwa vya kutosha. Katika muda usiozidi miaka mia moja, watu wa pwani na bara hili letu wamepita katika kukomeshwa kwa utumwa, ukoloni, uhuru, Mapinduzi ya Zanzibar, Azimio la Arusha na kuanguka kwake. Kila moja kati ya hayo lilikuja na ahadi, na kila moja likapata waandishi wake. Shabaha yangu ni kuonyesha kwamba riwaya zilizoisaidia jamii kubadilika, na ambazo bado tunazisoma, si zile zilizoyapigia mabadiliko makofi. Ni zile zilizoyataka yatoe hesabu: nani kafaidi, nani kalipa, nani kasahauliwa. Nina hoja tano, kisha nitajibu pingamizi moja.

1. Riwaya huweza kuzaliwa ikiwa upande wa mwenye nguvu

Tusijidanganye kwamba riwaya ni mtetezi wa wanyonge tangu kuzaliwa kwake. Mwaka 1934 kilichapishwa kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, ambacho wahakiki wengi hukihesabu miongoni mwa hatua za mwanzo kabisa za riwaya ya Kiswahili. Mbotela alitoka katika jamii ya watumwa walioachwa huru wakakaa Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari karibu na Mombasa katika miaka ya 1870. Alichoandika ni kumbukumbu ya watu wake: kukamatwa, kutembezwa hadi pwani, kupakiwa majahazini, kuokolewa baharini na manowari za Waingereza, na kuanza maisha mapya chini ya misheni.

Kama ushahidi, kitabu hiki ni hazina. Mtoto wa mtumwa anasimulia, kwa lugha yake, mambo ambayo makabrasha ya manowari yaliyaandika kama idadi ya watu waliokutwa ndani ya jahazi. Lakini mnakumbuka kitabu kinavyomtukuza Mwingereza. Mkombozi ni mmoja, adui ni mmoja, na hadithi inaishia kwenye shukrani. Mwaka ule ule wa 1934, Mwafrika wa Kenya aliyetoka nje ya hifadhi kutafuta kazi alilazimika kutembea na kipande, yaani kitambulisho cha kikoloni, mara nyingi kikining'inia shingoni. Hilo halikuingia katika hesabu.

Kitabu kiliingia shuleni, kikasomwa na vizazi. Kwa hiyo kiliunda jamii kwa namna mbili: kiliwafundisha wasomaji kwamba maisha ya watu wa kawaida yanastahili kuandikwa kwa Kiswahili, na kiliwafundisha wamshukuru mtawala wao. Funzo la kwanza ndilo lililozaa riwaya zilizofuata, na funzo la pili zilibidi zilifute.

2. Panapozibwa mdomo, riwaya hupita kwa fumbo

Mwaka 1951 Shaaban Robert alichapisha Kusadikika. Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, mtu wa Tanga, mshairi ambaye jina lake lilikwishavuma. Mtu wa namna hiyo hakuwa na nafasi ya kusimama barazani na kusema kwamba nchi inaendeshwa bila haki. Akabuni nchi inayoelea angani.

Kisa mnakijua. Karama anashtakiwa kwa sababu anafundisha elimu ya sheria. Mshtaki wake ni waziri, Majivuno. Katika kujitetea, Karama hajitetei hata kidogo: anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kwenda pande mbalimbali kuitafutia nchi manufaa, wakarudi na mema, wakalipwa kifungo. Mshtakiwa anaishtaki serikali, na mbele ya baraza lile lile linalomhukumu.

Ningependa tuitazame tarehe. Mwezi Novemba mwaka huo huo wa 1951, familia za Wameru ziliondolewa kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi yao ipewe wafugaji wa Kizungu. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York, akawasilisha malalamiko ya Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa. Mashauri yake hayakuirudisha ardhi wakati ule. Chama cha TANU kilizaliwa Julai 7, 1954, na mwezi Machi 1955 kiongozi wake, Mwalimu Nyerere, naye alikuwa New York mbele ya Umoja wa Mataifa.

Sisemi Shaaban Robert alitabiri, wala sisemi Kirilo Japhet alisoma Kusadikika kabla ya kupanda ndege. Ninachosema ni kwamba fikra ya mjumbe anayetumwa kuitafutia nchi haki, na fikra kwamba sheria ni elimu ambayo raia anapaswa kuijua, zilikuwa hewani, na riwaya ilizipa umbo ambalo mwalimu wa shule ya kati angeweza kulisoma darasani bila kukamatwa. Fumbo lilimlinda mwandishi, likamlinda na msomaji.

3. Riwaya humpa nafasi asiyepewa na makabrasha

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Ukienda kwenye kumbukumbu za serikali za miaka ya ukoloni, kuli wa bandarini hayupo isipokuwa amegoma. Akigoma, anaandikwa kama tatizo la usalama.

Mwaka 1948 Zanzibar ilipata mgomo mkubwa ulioanza kwa makuli wa bandarini na kuenea mjini. Miaka 31 baadaye, mwaka 1979, Adam Shafi akatoa Kuli. Tunamfuata Rashidi, kijana anayeishia kwenye kazi ile ile ya baba yake, na tunaingia mahali ambapo ripoti ya polisi haiingii: chumba cha kupanga, chungu kisicho na kitu, mwanamke anayengoja mume arudi na ujira wa siku, na watu wanaojifunza polepole kwamba shida ya kila mmoja ni shida ya wote. Msomaji anaelewa mgomo kabla haujatokea, kwa sababu amekwisha kula njaa yake.

Mwaka mmoja kabla ya hapo Shafi alikuwa ametoa Kasri ya Mwinyi Fuad, juu ya mashamba ya mabwana na Mapinduzi ya Januari 12, 1964. Mohamed Suleiman Mohamed naye katika Nyota ya Rehema ya mwaka 1976 aliingia katika nyumba ya mwenye shamba na kuonyesha jinsi rangi ya ngozi, urithi na ardhi zilivyofungana hata baba na binti wakatengana. Said Ahmed Mohamed katika Dunia Mti Mkavu, mwaka 1980, aliwarudia wavuja jasho. Ndani ya miaka minne tu, visiwa vidogo viwili viliipa lugha yetu riwaya ambazo hadi leo ndizo kipimo.

Hapa pana jambo la kuangalia kwa makini. Riwaya hizi ziliandikwa baada ya Mapinduzi, na zilibeba hukumu yake. Wenye mashamba mara nyingine wanatokea wakiwa na rangi moja tu ya tabia. Nasema hivi bila kuwavunjia heshima waandishi, kwa kuwa mmoja wao mwenyewe alikuja kuijazia historia upande wake wa pili. Mwaka 2003 Adam Shafi alitoa Haini, riwaya ya jela na mateso yanayofuata kuuawa kwa kiongozi wa nchi. Msomaji wa Zanzibar hakuhitaji kuambiwa kwamba Mzee Karume, Rais wa Zanzibar, aliuawa Aprili 7, 1972, na kwamba watu wengi walikamatwa. Kalamu iliyoudai usultani hesabu ndiyo hiyo hiyo iliyoyadai Mapinduzi yake. Kati ya Kuli na Haini ni miaka 24, na katika miaka hiyo ndimo ulimo uadilifu wa mwandishi.

4. Rafiki wa kweli wa ndoto ndiye anayeiuliza maswali

Sasa tuje bara. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na mwaka huo huo Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia shule za msingi Tanzania. Mambo haya mawili yalikwenda pamoja: siasa mpya ilihitaji wasomaji, na wasomaji wapya walihitaji vitabu. Zikaandikwa riwaya nyingi za kuisifu siasa hiyo ya Ujamaa, zenye bepari mnene, mkulima mwema na kijiji kinachofanikiwa kufikia ukurasa wa mwisho. (Naona walimu wa siku nyingi mnatabasamu, nanyi mlizifundisha.) Waandishi wake walikuwa na nia njema. Lakini niambieni, nani kati yetu amezisoma tena mwaka huu?

Wakati huo huo Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alikuwa akiandika kwa namna nyingine. Katika Dunia Uwanja wa Fujo ya mwaka 1975, Tumaini anatoka kwenye ujana wa ovyo, anakuwa mwenye mali na shamba, siasa mpya inamfikia, na mwisho wake ni kuua kiongozi na kuhukumiwa kifo. Kila msomaji wa wakati ule alikumbuka Iringa, Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa Dakta Wilbert Klerruu alipouawa na mkulima aliyekuwa na shamba lake Isimani. Magazeti yalikuwa na mhalifu na shujaa. Riwaya iliwapa wasomaji kitu kigumu zaidi: mtu anayeweza kuwa mkosaji na bado akawa na hoja.

Mwezi Novemba 1973 kuishi vijijini kulitangazwa kuwa amri, na mwisho wa mwaka 1976 ukawekwa kuwa kikomo. Operesheni ya kuitekeleza ikahamisha mamilioni ya watu. Gamba la Nyoka ya Kezilahabi, ya mwaka 1979, inachukua habari hiyo na kuiweka katika vijiji ambavyo wanakijiji wake hawataki kuhama, wenye silaha wanafika, na vijana wasomi, Mambosasa na Mamboleo, wanajikuta wakiisimamia siasa ambayo wao wenyewe hawajaiishi. Kezilahabi hakuandika dhidi ya usawa. Aliuliza kama usawa unaweza kupandishwa kwenye lori kwa nguvu, pamoja na vyombo vya nyumbani, na kushushwa porini.

Ni muhimu kukumbuka kwamba swali hili liliulizwa mapema, kwa Kiswahili, na ndani ya nchi, wakati siasa yenyewe bado inatekelezwa. Mwaka 1980 C. G. Mung'ong'o akafuata na Njozi Iliyopotea, na mwaka 1992 Gabriel Ruhumbika akatoa Miradi Bubu ya Wazalendo, hesabu ndefu kuanzia ukoloni hadi baada ya Ujamaa. Wanahistoria na wachumi walipokuja kujadili kwa uwazi kilichoharibika, msomaji wa riwaya alikuwa amekwisha kuandaliwa.

5. Riwaya husogeza mpaka wa yanayosemeka

Hoja hii ndiyo ninayoiona kuwa nzito kuliko zote. Sheria hubadilisha jambo kwa siku moja. Riwaya hubadilisha kitu kinachotangulia sheria, yaani yale ambayo watu wazima wanaweza kuyazungumza bila kutazama chini.

Mwaka 1971 Kezilahabi alichapisha riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Rosa ni binti wa Zakaria, baba mlevi na mkali. Analelewa kwa fimbo hata barua ya mvulana inakuwa kosa la kupigiwa. Anatoka nyumbani akiwa hajui lolote juu ya mwili wake wala juu ya wanaume, na dunia inamfundisha kwa njia yake: walaghai wenye vyeo, mimba, kuitoa, na mwisho kujiua. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni. Waliokipiga marufuku walisema kitawaharibu wasichana. Baadaye kilirudi, kikawa kitabu cha kufundishia, na wasichana wengi wa sekondari wamekisoma wakiwa na umri wa Rosa.

Tena tazameni tarehe. Mwaka ule ule wa 1971, Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ndoa, iliyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo. Novemba 2021 serikali ikatangaza kwamba wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito wanaweza kurudi shuleni. Miaka 50 imepita kati ya Rosa na tangazo hilo.

Je, Rosa Mistika ndiyo iliyoleta tangazo? La. Walioleta ni wanaharakati, mawakili, wazazi na wasichana wenyewe. Lakini wengi wa waliobishana juu ya suala hilo, wa pande zote mbili, walikuwa wamepita shule ambamo kisa cha Rosa kilijadiliwa: nani mwenye kosa, binti au baba, mwanafunzi au mkubwa aliyemlaghai. Riwaya haikuwapa jibu. Iliwazoesha kuuliza swali hilo kwa sauti, mbele ya mwalimu, wavulana na wasichana pamoja. Said Ahmed Mohamed alifanya kazi inayofanana na hiyo katika Utengano ya mwaka 1980, ambamo Maimuna anafungiwa ndani na baba mwenye heshima mjini na uovu nyumbani. Riwaya hiyo nayo imesomwa shuleni.

Pingamizi: wanaosoma ni wangapi?

Kuna ndugu atasema: mhadhiri, unazungumza kana kwamba watu wetu wanasoma. Pingamizi hili ni halali, nami nina majibu matatu.

Kwanza, watawala wenyewe hawakuwahi kuamini kwamba riwaya haina wasomaji. Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya alieleza jinsi riwaya yake ya Kigĩkũyũ, Matigari, ilivyotoka mwaka 1986, watu wakawa wanamzungumzia shujaa wake kama mtu halisi hata amri ikatolewa akamatwe. Ilipogundulika kwamba ni mtu wa kitabuni, polisi wakaenda kukikamata kitabu chenyewe madukani. Mwaka huo huo wa 1986 Katama Mkangi, mwandishi Mkenya wa riwaya za Ukiwa na Mafuta, aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Serikali haiogopi kitu kisichosomwa.

Pili, njia kuu ya riwaya kwetu imekuwa shule. Kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoanza mwaka 1970, pamoja na elimu ya msingi kwa wote, iliifanya Tanzania itangaze mwaka 1986 kwamba watu wazima wapatao asilimia 90 wanajua kusoma na kuandika. Nakala moja ya darasani hupita mikono mingi. Tena tusizidharau riwaya za mitaani: Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, Kufa na Kupona ya Elvis Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba. Hizo ziliwafundisha vijana wa mjini kusoma kwa hiari, bila mtihani, na baadhi yao wakaendelea hadi kwa Kezilahabi.

Tatu, riwaya ina maisha nje ya kurasa. Vuta n'Kuvute ya Adam Shafi, juu ya Zanzibar ya harakati za kudai uhuru, iligeuzwa filamu na Amil Shivji mwaka 2021, ikaonyeshwa hadi Toronto. Paradise ya Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka huo huo wa 2021, sasa tunaisoma kama Peponi kwa kazi ya Ida Hadjivayanis. Riwaya iliyoandikwa Uingereza na mtoto wa Zanzibar imerudi kuzungumza na watu inaowahusu.

Hatari ninayoiona iko kwingine. Ni darasa linalosoma riwaya ili kuorodhesha dhamira, mandhari na wahusika, likamaliza bila kuuliza kama kisa ni cha kweli. Mwanafunzi anafaulu Kuli na hajui bandari iko wapi. Riwaya ya namna hiyo imewekwa kizuizini bila polisi.

Mbele yetu

Ndugu Mwenyekiti, mabadiliko hayajaisha. Ardhi bado inachukuliwa kwa ahadi za maendeleo. Vijana wanaendesha bodaboda kwa mkopo, na mikopo ya simu inawafuata hadi kitandani. Kuna Waswahili wa Goma na Bukavu ambao vita vimewahamisha mara nyingi, na mabinti zetu wanakwenda kufanya kazi za ndani Ghuba kwa mikataba wasiyoisoma. Kila moja ya haya lina wasemaji wake wa kulisifu na takwimu zake. Riwaya zake ndizo chache.

Kwa waandishi, naomba msingoje mabadiliko yaishe ndipo myaandike, Kezilahabi hakungoja. Wachapishaji, msichapishe tu kinachotarajiwa kuingia kwenye orodha ya vitabu vya mtihani. Halmashauri zetu, wekeni fungu la kununulia maktaba za kata riwaya mpya za Kiswahili. Na walimu, kila mnapofundisha riwaya, tengeni angalau kipindi kimoja kisicho na maswali ya mtihani, muwaulize wanafunzi swali moja: katika mabadiliko haya, nani alilipa? Mkilifanya hilo, riwaya itakuwa imefanya kazi yake, na raia atakayetoka darasani humo hatatawalika kwa ahadi tupu.

 Sasa ni zamu yenu kuuliza.